Alama ya Ukoo: Virusi vya Nyumbu na Ndugu Zake

Ugonjwa wa nyumbu ni ugonjwa wa ng'ombe. Nyumbu hubeba virusi vyake maisha yake yote na haugui; anayekufa ni ng'ombe aliyelishwa karibu naye. Virusi hivyo ni vya jamii ya herpesi, na vina ndugu wengi. Wako ndugu wanaoishi ndani ya kondoo na mbuzi, wako wa kongoni, na wako wa binadamu. Protini ambazo ndugu hao wanazo kwa pamoja, na zile ambazo kila mmoja anazo peke yake, ndizo mada ya mazungumzo ya leo.

Mazungumzo yana sehemu nne. Kwanza, ugonjwa wenyewe. Pili, ukoo wa virusi. Tatu, kipimo cha damu, na jinsi kinavyoweza kusema kweli na bado kikamwacha mfugaji njia panda. Nne, chanjo.

Sehemu ya kwanza, basi: ugonjwa.

Kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, nyumbu huzaa kwa pamoja. Wale wa Serengeti huzalia Ndutu na kwenye tambarare za Ngorongoro. Wale wa Tarangire hutoka hifadhini wakahamia nyanda za Simanjiro. Majani ya huko ni mafupi, mabichi na yenye madini mengi. Yanayomvuta nyumbu mwenye mimba yanamvuta pia mfugaji mwenye ng'ombe wa kukamuliwa, na hapo ndipo wawili hao hukutana.

Ndama wa nyumbu huzaliwa na manyoya ya kahawia iliyopauka. Katika miezi yake ya mwanzo hutoa virusi kwa wingi kupitia kamasi na machozi. Ng'ombe akipita hapo, akamkaribia ndama au akala majani yaliyolowa kamasi hiyo, huambukizwa. Jua kali huviua virusi hivi upesi. Ubichi na ubaridi wa alfajiri huvihifadhi. Ndama akifikisha miezi mitatu au minne, kingamwili huwa zimejaa kwenye ute wa pua yake, na virusi huacha kutoka. Huo ndio pia wakati manyoya yake yanapogeuka na kuwa ya kijivu kilichokoza kama ya mama yake. Wafugaji wa Kimaasai wameitumia rangi hiyo kama kalenda: maadamu ndama ni wa kahawia, ng'ombe hapelekwi huko.

Na ng'ombe aliyekwisha kuambukizwa, huonekanaje? Hukaa wiki kadhaa, pengine miezi, bila dalili. Kisha joto la mwili hupanda ghafla. Kamasi huwa nzito, mate hutiririka, ngozi ya pua hukauka na kufanya magamba, matezi huvimba. Jicho ndilo linalomtambulisha mgonjwa kwa mtu aliyewahi kuuona ugonjwa huu. Weupe huanzia pembezoni mwa mboni, ukasogea ndani siku baada ya siku, mpaka jicho zima likawa kama limetiwa maziwa. Ng'ombe aliyefika hapo ni nadra kupona, na dawa ya kumtibu haipo. Lakini mgonjwa huyo hamwambukizi ng'ombe mwenzake. Virusi vikiingia kwa ng'ombe vimefika mwisho wa njia. Binadamu naye hapati ugonjwa huu.

Wafugaji wengi husema hatari iko kwenye kondo la nyuma la nyumbu. Utafiti wa makondo uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta vinasaba vya virusi humo, ila kwa kiasi kidogo. Chanzo kikubwa ni pua na macho ya ndama. Hata hivyo ushauri ni ule ule, kwa sababu kondo na ndama hupatikana mahali pamoja na kwa msimu mmoja. Mfugaji anayeliepuka kondo amemwepuka na ndama.

Kuepuka huko kuna gharama. Majani mazuri yanapoota tambarare, mifugo hupandishwa milimani na vichakani, kwenye malisho hafifu na kupe wengi. Aliyemkimbia nyumbu hukutana na ndigana kali. Ng'ombe hukonda, maziwa hupungua, na mchungaji hutembea mbali zaidi kila siku.

Uhusiano wa ugonjwa huu na nyumbu ulithibitishwa Afrika Kusini mwaka 1923, pale mtafiti Mettam alipochukua damu ya nyumbu mzima na kumwambukiza ng'ombe. Virusi vyenyewe vilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1960, huko Muguga nchini Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitangaza kuwa wamevitoa kwa nyumbu na kuviotesha maabara. Plowright ndiye yule yule aliyetengeneza chanjo ya sotoka iliyosaidia kuufuta ugonjwa huo duniani. Sotoka ilipoondoka kwa ng'ombe, nyumbu nao walipona, na katika Serengeti idadi yao ikapanda kutoka laki chache hadi zaidi ya milioni moja. Nyumbu wakiongezeka, ndama wa kahawia nao huongezeka.

Sehemu ya kwanza kwa ufupi: virusi ni vya nyumbu, kifo ni cha ng'ombe, na mlango ni pua ya ndama.

Sehemu ya pili ni ukoo wa virusi.

Kirusi cha herpesi kimejengwa kwa tabaka nne. Katikati kuna uzi wa vinasaba. Uzi huo umefungiwa ndani ya ganda gumu lenye pande 20. Ganda limezungukwa na tabaka la protini laini. Nje kabisa kuna utando wa mafuta, na juu yake zimechomoza protini zenye sukari kama miiba kwenye tawi la mgunga. Umbo hilo linapatikana kwa virusi vyote vya jamii hii. Tetekuwanga ya watoto husababishwa na herpesi. Mkanda wa jeshi unaomtokea mtu mzima ni kirusi kile kile cha tetekuwanga kilichoamka baada ya kulala miaka mingi. Vidonda vidogo vya mdomoni vinavyotokea mtu akiwa na homa navyo ni herpesi.

Wataalamu wameigawa jamii hii ya virusi katika matawi matatu: alfa, beta na gama. Tetekuwanga na vidonda vya mdomoni viko tawi la alfa. Virusi vya nyumbu viko tawi la gama, na tawi hilo lina historia ndefu Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza saratani ya taya iliyowapata watoto wa Uganda. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, wakiwa London, waliona kirusi cha herpesi ndani ya seli za uvimbe huo, na sasa kirusi hicho kinaitwa kwa majina ya Epstein na mwenzake Barr. Miaka 30 baadaye, mwaka 1994, kiligunduliwa kirusi cha gama kinachosababisha saratani ya ngozi iitwayo Kaposi. Virusi hivyo viwili vya binadamu na kile cha nyumbu ni watu wa boma moja, japo kila mmoja ana nyumba yake.

Kinachofanana baina yao ni nini hasa? Ni kazi zisizoweza kuachwa. Kila kirusi cha herpesi lazima kijenge ganda, kinakili vinasaba vyake na kufungua njia ya kuingia ndani ya seli. Jeni za kazi hizo, kama 40 hivi, zimebaki katika matawi yote matatu tangu kwa babu yao mmoja wa zamani sana. Mojawapo hutengeneza protini ya utando iitwayo glaikoprotini B. Kazi yake ni kuunganisha utando wa kirusi na utando wa seli ili kirusi kiingie. Kirusi cha vidonda vya mdomo kinayo. Kirusi cha tetekuwanga kinayo. Cha nyumbu kinayo, na cha kondoo kinayo.

Mafundi wa magari wa Arusha wanaujua udugu wa namna hii. Land Rover ya zamani na ya miaka ya baadaye zinaweza kuazimana spea fulani fulani, lakini spea ya Land Cruiser haitaingia, ingawa magari yote yana injini, giaboksi na usukani. Virusi navyo vimejaribiwa hivyo hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na Ubelgiji walichapisha kazi moja ya kuvutia. Walikitoa kwenye kirusi cha nyumbu kipande kinachotengeneza glaikoprotini B, wakaweka mahali pake kile cha kirusi cha kondoo. Kirusi kilichochanganywa hivyo kiliendelea kuingia katika seli na kuzaliana. Spea ya ndugu iliingia na gari likawaka.

Mfano wa pili uko ndani ya seli. Virusi vya gama hujificha kwenye seli nyeupe za damu, na vinahitaji protini ya kuvishikiza humo seli inapogawanyika. Kirusi cha saratani ya Kaposi kina protini hiyo, na cha nyumbu kina ya aina yake. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba kirusi cha nyumbu kikinyimwa protini hiyo hakiwezi tena kuleta ugonjwa.

Lakini upo pia upande wa tofauti. Vinasaba vyote vya kirusi cha nyumbu vilisomwa na kuchapishwa mwaka 1997, na vya kirusi cha kondoo miaka kumi baadaye. Katika jeni 70 hivi za kirusi cha nyumbu, nyingi zina wenzao kwa ndugu wa gama. Kundi dogo halina, na jeni hizo zikapewa majina yake zenyewe yanayoanza na herufi A. Kwa hiyo, msikilizaji, mambo mawili yashikwe pamoja: kiini ni cha ukoo mzima, na pembezoni kila mmoja ana mali yake.

Sehemu ya tatu ni kipimo cha damu, na hapa ndipo kufanana huko kunapomgusa mfugaji.

Mwili ukivamiwa na kirusi hutengeneza kingamwili. Kingamwili haikishiki kirusi kizima. Hushika kipande kidogo cha protini yake. Kipande kinachoshikwa ndicho antijeni. Je, ikiwa kipande hicho kipo pia kwa ndugu wa kirusi? Kingamwili itamshika na ndugu. Haiulizi jina, inatazama umbo.

Mnadani Meserani jambo hilo huonekana kwa macho. Ng'ombe wa Kimaasai ana alama ya chuma cha moto ubavuni na ana mikato masikioni. Alama ya ubavuni hutaja ukoo. Anayetaka kujua ng'ombe ni wa boma lipi hutazama sikio. Mtu aliyeona ubavu peke yake atasema kweli akitaja ukoo, lakini akimtaja mwenye ng'ombe atakuwa anabahatisha.

Virusi vya kundi la nyumbu vina alama ya ubavuni ya namna hiyo. Mwaka 1981 mtafiti Paul Rossiter alionyesha kwamba damu ya kondoo ina kingamwili zinazoshika kirusi cha nyumbu. Katika miaka ya 1990, Hong Li na wenzake nchini Marekani walitengeneza kingamwili ya maabara waliyoiita 15-A. Hiyo inashika kipande kimoja kilichopo katika kirusi cha nyumbu, cha kondoo, cha mbuzi, cha korongo na cha choroa. Kingamwili moja, ukoo mzima.

Kipimo kilichotokana nayo hufanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo kumegandishwa protini za kirusi cha nyumbu. Msikilizaji aichukulie kila protini kuwa kiti ndani ya daladala ya Kilombero. Kwanza humiminwa seramu ya ng'ombe anayepimwa. Kama ana kingamwili, zinapanda na kuketi. Kisha huletwa abiria wa maabara, yule 15-A, aliyebebeshwa kimeng'enya cha kutoa rangi. Akikuta viti vitupu anaketi, na kishimo kinageuka rangi. Akikuta viti vimejaa anabaki stendi, anasafishwa kwa maji, na kishimo hakikolei. Kwa hiyo rangi ikikolea, ng'ombe hana kingamwili. Rangi ikikosekana, ng'ombe amewahi kukutana na kirusi cha ukoo huo.

Faida ya kipimo hiki ni kubwa, na sababu yake ni moja. Kirusi cha kondoo hakijawahi kuoteshwa katika seli za maabara kama kilivyooteshwa cha nyumbu. Bila kufanana kwa protini, kukitafuta katika damu kungekuwa kugumu sana. Kwa kuwa ni ndugu, protini za kirusi cha nyumbu huazimwa, na kingamwili za kondoo zinazitambua. Kufanana kumekuwa daraja.

Lakini daraja hilo hilo huchanganya njia. Tuseme ng'ombe wa Monduli amepimwa, na jibu ni kwamba ana kingamwili. Mchana alilishwa karibu na nyumbu; usiku alilala boma moja na kondoo na mbuzi. Kingamwili hizo ni za nani? Kipimo hakijui. Tuseme tena ni ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa bandani kwenye miteremko ya Meru, kati ya migomba na kahawa, asiyewahi kumwona nyumbu hata siku moja. Jibu lake nalo laweza kuwa hilo hilo, kwa sababu kirusi cha kondoo wa jirani ni cha ukoo huo. Kondoo hubeba kirusi chao popote wanapofugwa duniani, na kirusi hicho nacho huweza kumwua ng'ombe kwa dalili zile zile.

Ili kupata jina la boma, maabara huacha ubavu na kutazama sikio. Kipimo cha PCR hutafuta vipande vya vinasaba vilivyo vya kirusi kimoja tu, kwenye damu au matezi ya mnyama. Hicho ndicho kinachotenganisha nyumbu na kondoo.

Upande wa binadamu shida ni ile ile. Herpesi ya mdomoni na ile ya sehemu za siri ni ndugu wa karibu mno, na vipimo vya zamani vya damu viliwachanganya. Vipimo vya baadaye viliegemea glaikoprotini G, protini ambayo kwa ndugu hao wawili imetofautiana sana. Njia iliyotumika ni ile ile ya kutafuta pembezoni, kwenye mali ya kila mmoja.

Irudiwe tena, maana hiki ndicho kiini cha mazungumzo: protini za pamoja hutaja ukoo, na protini za peke yake humtaja mwenyewe.

Sehemu ya nne, na ya mwisho, ni chanjo.

Taasisi ya Moredun ya Scotland ilichukua kirusi cha nyumbu kilichotolewa zamani kwa ng'ombe mgonjwa huko Kenya, kikadhoofishwa kwa kuoteshwa maabara mara nyingi. Ng'ombe huchomwa chanjo hiyo shingoni, sehemu ya juu, ili kingamwili zijae kwenye ute wa pua na koo, pale pale kirusi kinapoingilia. Jaribio la malishoni lilifanywa kwenye nyanda za Simanjiro, likiongozwa na Felix Lankester na kuihusisha Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru. Katika kila mmoja wa misimu miwili ya kuzaa kwa nyumbu, kundi la ng'ombe 50 waliochanjwa na kundi la 50 wasiochanjwa walichungwa kuelekea waliko nyumbu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 56. Ng'ombe waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wachache mno katika makundi yote mawili, kwa hiyo jaribio halikuweza kuonyesha kama chanjo inazuia kifo. Ni hatua nzuri, ila si kinga kamili.

Na je, chanjo ya kirusi cha nyumbu itamkinga ng'ombe dhidi ya kirusi cha kondoo, ikiwa ni ndugu? Udugu peke yake hautoshi kujibu. Kingamwili kushika kirusi ni jambo moja, na kukizuia kisiingie ndani ya seli ni jambo lingine. Abiria anaweza kuketi ndani ya daladala bila kumzuia dereva kuondoka. Kinachohitajika ni kingamwili inayoshika pale penye usukani, na usukani wa kila ndugu una umbo lake. Ndiyo maana wale waliobadilisha glaikoprotini B walifanya hivyo: wanatafuta chanjo inayooteshwa kwa urahisi wa kirusi cha nyumbu, lakini yenye usukani wa kirusi cha kondoo.

Mazungumzo yamefika mwisho, na kwa mfugaji yanabaki mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni lile la wazee: ng'ombe wakae mbali na nyumbu mpaka ndama wa nyumbu wabadilike rangi. La pili ni la siku ng'ombe akiugua na jicho likaanza kuwa jeupe. Mtaalamu wa mifugo anapokuja kuchukua damu, aambiwe mnyama huyo alilishwa wapi katika miezi iliyopita, na alilala na wanyama gani. Aambiwe kuhusu nyumbu, na aambiwe pia kuhusu kondoo, hata kama ni watatu tu na ni wa jirani. Damu peke yake itataja ukoo. Maelezo ya mchungaji ndiyo yatakayoiambia maabara ianzie boma lipi.